Utafiti wa baada ya uzamivu katika baiolojia ya mifupa: maabara ya panya au kundi la wagonjwa?

BintiArumeru aliandika:

Wanajukwaa, habari za leo. Ninakaribia kutetea tasnifu yangu ya uzamivu katika biokemia, na nimepata nafasi mbili za utafiti wa baada ya uzamivu, yaani posdoki kama wengi tunavyoiita. Zote mbili zinahusu mifupa, lakini zimetofautiana kiasi kwamba sijui nianzie wapi kuzilinganisha.

Ya kwanza iko Marekani, katika maabara inayochunguza osteositi, zile seli zilizozikwa ndani ya mfupa mgumu, pamoja na sklerostini, protini ambayo seli hizo huitoa ili kuzuia ujenzi wa mfupa mpya. Kazi yote inafanyika kwa panya, na mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, unaoweza kurudiwa hadi kufikia miaka mitatu. Ya pili iko kusini mwa Afrika, katika kundi la utafiti linalowafuatilia vijana wanaoishi na VVU tangu utotoni, ambao mifupa yao hupimwa kwa DXA, mashine ya eksirei inayopima wingi wa madini ya mfupa, na damu yao kuchukuliwa kila awamu. Mkataba huo ni wa miaka miwili, mshahara wake ni mdogo kuliko ule wa kwanza, ila sampuli nyingi zimekwisha kukusanywa na zinasubiri mtu wa kuzipima.

Lengo langu ni kurudi nyumbani. Nimekulia kwenye miteremko ya Mlima Meru, upande wa Maji ya Chai, ambako maji ya baadhi ya chemchemi na mito yana floraidi nyingi mara kadhaa kuliko miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani limeziweka kuwa kikomo. Meno ya kahawia yanafahamika kwa kila mtu aliyepita huko. Ninachotaka kukichunguza ni kile kinachotokea ndani ya mfupa wenyewe, kwa watoto waliopinda miguu na kwa wazee ambao mgongo umekakamaa hata hawawezi kuinama kufunga viatu.

Ninaomba ushauri wa waliotangulia. Je, ujuzi wa kufanya kazi na panya wenye jeni zilizobadilishwa utanifaa nini nikirudi Arusha? Na nikienda kwenye kundi la wagonjwa, je, sitageuka kuwa mtu wa kuchambua takwimu tu, asiyejua tena kushika hadubini? Natanguliza shukrani.

Mwanahistolojia alijibu:

Dada, hongera kwa kufika ulipofika. Ninaandika nikiwa Ujerumani, ninakofanya histolojia ya mifupa, yaani kuchunguza tishu zake kwa hadubini, kama kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo usishangae nikiegemea upande wa maabara. Hata hivyo sababu yangu inatokana na floraidi yenyewe.

Mwaka 1990 yalichapishwa Marekani matokeo ya jaribio lililowahusisha wanawake 202 waliokwisha koma hedhi na wenye mifupa dhaifu. Kwa miaka minne, nusu yao walipewa miligramu 75 za floraidi ya sodiamu kila siku, na wote walipewa kalsiamu. Kwa waliopewa floraidi, wingi wa madini katika uti wa mgongo uliongezeka kwa asilimia 35, kiwango ambacho dawa nyingi za leo hazikikaribii. Lakini uti wa mgongo haukuacha kuvunjika kwa kiasi cha kuridhisha, na mifupa mingine ya mwili ikavunjika zaidi kuliko kwa wale ambao hawakupewa. Tafakari maana yake kwa swali lako: ukimlaza mzee wa Maji ya Chai kwenye mashine ya DXA, huenda ikakuambia kuwa ana mfupa mwingi kuliko kijana wa Dodoma, na namba hiyo ikawa sahihi kabisa, huku mfupa wenyewe ukiwa mbovu.

Sababu inajulikana kwa sehemu kubwa. Floraidi huingia katika fuwele za haidroksiapatiti, ambayo ndiyo madini ya mfupa, na kushika nafasi ya kundi la haidroksili, kisha huchochea osteoblasti, seli zinazojenga mfupa, kuweka tishu mpya kwa wingi. Tishu hiyo huwa haina mpangilio mzuri, na sehemu yake hubaki kuwa osteoidi, yaani mfupa usiopata madini. Mashine inayopima kivuli cha madini haiwezi kukuonyesha mpangilio, wala haiwezi kukuonyesha osteoidi. Kwa hayo unahitaji kipande cha mfupa na mtu anayejua kukikata.

Na kukikata ndiko kunakochukua miaka kukijua. Mfupa ambao haujaondolewa madini haukatiki kwa kisu cha kawaida cha maabara ya patholojia. Unakaushwa hatua kwa hatua kwa alkoholi, unazamishwa katika resini hadi igande na kuwa ngumu kama kioo, halafu unakatwa kwa mikrotomu, mashine ya kukatia vipande vyembamba, iliyo nzito na yenye kisu cha tangsteni kabaidi, vipande vya mikromita tano hivi, ambavyo hujikunja mara tu vinapotoka kwenye kisu na kukulazimu kuvinyoosha kwa brashi yenye alkoholi kabla havijakauka. Panya akiwa amechomwa mara mbili sindano ya kalseini, rangi inayonasa kwenye mfupa unaowekwa madini, kabla ya kuuawa, kwenye hadubini ya mwanga wa urujuanimno utaona mistari miwili ya kijani inayokwenda sambamba pembezoni mwa mfupa. Umbali kati ya mistari hiyo, ukiugawa kwa siku zilizopita kati ya sindano mbili, ndio kasi ya kuweka madini. Kwa binadamu hutumika tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria inayong'aa vivyo hivyo, badala ya kalseini, na kipande hutolewa kwenye mfupa wa nyonga. Mbinu ni ile ile, kwa hiyo aliyejifunza kwa panya hataanza upya atakapoletewa mfupa wa mtu.

Kwa hiyo swali la kuiuliza maabara ya Marekani si kama wanatumia panya. Uliza kama wanakata mfupa wenye madini yake wao wenyewe, au wanautuma kwingine na kuletewa jedwali la namba. Kama wanautuma, sababu yangu ya kukushauri uende huko inapungua nusu nzima.

Mkemia_Nairobi alijibu:

Mimi nitasema juu ya sampuli za nafasi ya pili tu, kwa kuwa viashiria vya damu ndivyo ninavyovishughulikia.

Kabla hujaifurahia ile habari kwamba sampuli zimekwisha kukusanywa, uliza zilikusanywa saa ngapi na kwa namna gani. CTX, ambayo ni kipande cha kolajeni kinachoachwa na osteoklasti zinapobomoa mfupa, hupanda usiku, hufikia kilele alfajiri, na hushuka sana mtu akishakula. Kijana aliyetolewa damu saa moja asubuhi akiwa hajala na mwenzake aliyetolewa saa nane mchana baada ya wali hawalinganishiki, hata kama mashine ya kupimia ni ya kisasa kuliko zote. P1NP, inayoonyesha ujenzi, haiyumbishwi sana na chakula. Viashiria hivi viwili ndivyo vilivyopendekezwa kimataifa kuwa vya rejea, na CTX hukaa vizuri zaidi katika plazima ya damu iliyotiwa EDTA ili isigande kuliko katika seramu. Uliza pia kama mirija imewahi kuyeyuka na kugandishwa tena umeme ulipokatika. Wakisita kujibu, omba kuiona kumbukumbu ya joto la jokofu.

Jambo la pili ni kwamba hawa ni vijana wanaokua. Katika umri huo CTX na P1NP hupanda juu sana kwa sababu ya kukua kwenyewe, na hufikia kilele wakati wa balehe. Vijana wanaoishi na VVU tangu kuzaliwa mara nyingi hubalehe wakiwa wamechelewa, kwa hiyo ukiwalinganisha na wenzao kwa umri peke yake, bila hatua ya balehe, utaona tofauti ya viashiria na kudhani ni VVU au dawa vinavyogusa mfupa moja kwa moja, kumbe ni kuchelewa kukua. Kama hatua ya balehe haikuandikwa wakati wa kuchukua sampuli, hakuna maabara itakayoirudisha.

Zaidi ya hayo, sampuli zikiwa nzuri, nafasi hiyo ina thamani kubwa sana kwako. Tenofovir ya aina ya disoproksili, dawa ya kufubaza VVU ambayo wagonjwa wengi wa Afrika wameitumia au wanaitumia, hupunguza madini ya mfupa katika mwaka mmoja au miwili ya mwanzo, na kwa baadhi ya watu huifanya figo ipoteze fosfati. Wewe unayetaka kuchunguza floraidi utalazimika kuijua figo, kwa kuwa ndiyo njia kuu ya floraidi kutoka mwilini, na figo ikidhoofika, mfupa hubeba zaidi.

Dkt_Mstaafu alijibu:

Nimesoma maelezo ya Mwanahistolojia kwa furaha, kwa sababu ni nadra kuona mtu anaeleza kazi yake kwa uwazi kiasi hicho kwa Kiswahili. Lakini sikubaliani na uelekeo wake.

Nianze na sklerostini yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa katika nafasi ya kwanza. Habari yake haikuanzia kwa panya. Ilianzia kwa wagonjwa wachache, hasa familia za Makaburu wa Afrika Kusini wenye ugonjwa unaoitwa sklerosteosisi, ambao mifupa yao hunenepa maisha yote hadi fuvu linabana mishipa ya fahamu ya uso na ya masikio, na wengi wao vidole huzaliwa vimeungana. Kulikuwa pia na ugonjwa unaofanana nao kwa familia fulani za Uholanzi. Jeni ya SOST ilitambuliwa mwaka 2001 kwa kuzichunguza familia hizo, na dawa ya romosozumab, ambayo ni kingamwili ya kuizuia sklerostini, ikaruhusiwa Japani na Marekani mwaka 2019. Jicho la daktari aliyemtazama mgonjwa wa ajabu na kuuliza kwa nini ndilo lililofungua njia, tena katika bara letu hili.

Sasa nije kwako, binti yangu. Umeandika juu ya watoto waliopinda miguu kana kwamba umekwisha kujua kuwa ni floraidi. Huenda ni kweli kwa wengi wao, lakini utahitaji kuthibitisha. Matege yana sababu nyingi, na katika nchi zenye jua kama zetu upungufu wa vitamini D si wa kwanza kushukiwa. Jaribio lililofanyika Nigeria na kuchapishwa mwaka 1999 lilionyesha kuwa watoto wenye matege waliopewa kalsiamu, iwe peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri zaidi kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Tatizo lilikuwa chakula chenye kalsiamu kidogo mno. Na floraidi humdhuru zaidi mtoto ambaye kalsiamu yake ni ndogo, kwa hiyo sababu hizi mbili zitakuwa zimeshikana katika mguu huo huo mmoja. Ongeza magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande ili yaive upesi, ambayo huko kwenu nayo hubeba floraidi, na utaona kuwa kupima maji ya kisima peke yake hakutoshi kujua mtoto amekula floraidi kiasi gani.

Kuna suala jingine ambalo vijana wa maabara hulipita haraka, nalo ni la viwango vya kulinganishia. Watafiti waliopima vitamini D kwa Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, wakachapisha mwaka 2012, walipata wastani wa nanomoli 115 kwa lita, ilhali huko Ulaya watu huambiwa kuwa 50 inatosha. Ni nani wa kawaida hapo? Hali ni hiyo hiyo kwa DXA. Kipimo cha T, yaani tofauti ya mfupa wako na wastani wa vijana wenye afya, cha hasi 2.5 au chini yake, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikitangaza mwaka 1994 kuwa mpaka wa ugonjwa, kimejengwa kwa wanawake weupe. Mtu aliyefanya kazi miaka miwili katika kundi la vijana wa Kiafrika, akajua namna ya kuwachagua watu wa kulinganishia, kupata idhini ya kamati ya maadili, kumrudisha mshiriki aliyehama mtaa bila kuaga, na kueleza kwa mama wa mtoto kwa nini damu inachukuliwa tena, atarudi Arusha akiwa na kazi nusu mkononi.

Kuhusu kutoa vipande vya mfupa wa nyonga kwa wanakijiji wasio na haja ya matibabu hayo, nitasema wazi kuwa mimi nisingeisaini karatasi hiyo.

Mwanahistolojia alijibu:

Daktari, nakubali kuwa jeni ilitoka kwa wagonjwa. Hata hivyo, kati ya mwaka 2001 na 2019 kingamwili ile ilipita kwa panya waliotolewa ovari, na huko ndiko ilikojulikana kuwa mfupa unaoongezeka ni mzuri na wenye nguvu, tofauti na ule wa floraidi. Hakuna aliyekuwa tayari kurudia habari ya mwaka 1990 kwa binadamu.

Kuhusu vipande vya nyonga, sipingi.

Mkataba_Kwanza alijibu:

Ndugu zangu wameongea sayansi, acheni mimi niseme juu ya karatasi.

Mkataba wa mwaka mmoja mmoja Marekani ni wa kawaida, usikutishe, lakini uulize fedha zinatoka ruzuku gani na ruzuku hiyo inakwisha lini. Kama inakwisha mwaka unaoingia, yale maneno ya hadi miaka mitatu ni matumaini ya mkuu wa maabara tu. Kiwango ambacho Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo ziliweka kwa mtafiti anayeanza, kwa mwaka wa fedha 2024, kilikuwa dola 61,008 kwa mwaka. Vyuo vingi hukitumia kama kipimo hata pale ambapo hawalazimiki, kwa hiyo ukipewa pungufu ya hapo una haki ya kuuliza. Uliza pia nani anailipa bima ya afya ya familia, kwa sababu katika miji mingine bima na kodi ya nyumba humaliza tofauti yote ya mshahara unayoiona sasa.

Viza ya J-1, ambayo Marekani huwapa wageni wa programu za mabadilishano, kwa mtafiti ina ukomo wa miaka mitano. Ukimaliza programu yako hata baada ya mwaka mmoja, kwa kawaida hutaruhusiwa kuanza nyingine ya kundi hilo hilo mpaka miezi 24 ipite. Kuna pia sharti la kurudi kwenu miaka miwili kabla ya kuomba aina fulani za viza au ukaaji wa kudumu, ambalo huwahusu baadhi ya watu kutegemea chanzo cha fedha na orodha ya ujuzi ya nchi yao. Wewe unayetaka kurudi halikudhuru, lakini lijue kabla hujasaini.

Jambo la mwisho, nalo nalisema kwa uchungu. Nilifanya kazi katika maabara moja ambako mada niliyoianzisha mwenyewe ilibaki nilipoondoka, akapewa mwingine, kwa sababu hatukuwa tumeandika popote nitaondoka na nini. Mwandikie mkuu wa maabara barua pepe sasa, kwa adabu, umwulize ni sehemu gani ya kazi utakayoruhusiwa kuondoka nayo na kuombea ruzuku yako mwenyewe. Anayekusudia mema atajibu kwa aya mbili. Akijibu kuwa mtazungumza ukifika, hilo nalo ni jibu.

Kwa Ulaya, ukitaka mlango wa tatu, ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie huwapokea watu wa mataifa yote wenye uzamivu. Sharti lake linalowaangusha wengi ni kwamba usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi unayoombea kwa zaidi ya miezi 12 katika ile 36 iliyotangulia tarehe ya mwisho ya maombi.

BintiArumeru aliandika:

Shikamoo Daktari, na nawashukuru nyote kwa kujitoa kiasi hiki.

Nimewaandikia pande zote mbili. Maabara ya Marekani wamejibu kuwa wanakata mfupa wenye madini wao wenyewe, na kwamba mtu anayefanya kazi hiyo anastaafu, ndiyo sababu wanataka mwingine wa kujifunza kwake. Mkuu wa maabara amekubali kwa maandishi kuwa sehemu ya floraidi, kama nitaianzisha, itakuwa yangu. Upande wa pili wamejibu kwa ukweli pia: damu ilichukuliwa asubuhi kwa awamu ya kwanza tu, na awamu zilizofuata saa zilitofautiana, ila hatua ya balehe iliandikwa zote.

Nimeanza kuegemea Marekani, lakini maneno ya Daktari yamenikalia. Kama sitatoa vipande kwa watu wazima wenye afya, na sipaswi kutoa, basi ujuzi wa kukata mfupa nitautumia kwa mfupa gani nikirudi? Na kwa panya, je, niwape maji yenye floraidi kama ya kwetu?

Dkt_Mstaafu alijibu:

Marahaba, binti yangu.

Mfupa upo, tena kila wiki unatupwa. Hospitali zetu kubwa za mifupa, Dar es Salaam na hata Moshi, hubadilisha nyonga. Katika upasuaji huo kichwa cha mfupa wa paja huondolewa chote, na kama hakuna wasiwasi wa saratani, kwa kawaida huishia kwenye pipa la taka za hospitali. Ukipata idhini ya kamati ya maadili na ya mgonjwa mwenyewe kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, utapata kipande cha mfupa cha ukubwa ambao hakuna sindano ya kutolea kipande cha nyonga itakayokupa, na mgonjwa hataongezewa jeraha hata moja. Andika alikozaliwa, maji aliyokunywa utotoni na miaka aliyokaa kila mahali, kwa kuwa mfupa hutunza floraidi ya maisha marefu: karibu yote iliyobaki mwilini imo ndani yake na kwenye meno.

Angalizo lipo. Nyonga iliyobadilishwa kwa sababu ya kusagika kwa kiungo si mfupa wa kawaida, hasa karibu na gegedu, ambako hukomaa na kuwa mgumu kupita kiasi. Nyonga iliyovunjika shingo nayo ni ya mtu ambaye mfupa wake umekwisha shindwa. Itabidi uwatenganishe watu hawa, na uwe na wa Meru na wasio wa Meru katika kila upande. Mistari miwili ya tetrasaiklini hutaipata kwa waliovunjika, kwa sababu hakuna anayejua ataanguka lini, lakini waliopangiwa upasuaji wanaweza kupewa dawa hiyo mapema, kamati ikiridhia na figo zikiwa nzima.

Kwa sharti hilo nakubali uende ukajifunze kukata. Ila usikate mawasiliano na wale wa kusini. Waombe wakufundishe kusoma DXA za watoto hata kwa wiki chache.

Mwanahistolojia alijibu:

Hapo Daktari amenishinda kwa hoja yangu mwenyewe, na nafurahi.

Kuhusu panya: usiwape maji ya kiwango cha Maji ya Chai ukategemea kuona kitu. Panya huhitaji floraidi nyingi zaidi majini ili damu na mfupa wake vifikie kiwango cha binadamu, ndiyo maana tafiti nyingi hutumia miligramu 50 au 100 kwa lita. Chunguza pia chakula chao, kwa kuwa chakula cha kawaida cha panya wa maabara kina floraidi yake, na kundi lako la kulinganishia litakuwa limekwisha kula kabla hujaanza. Chagua aina ya panya kwa makini: A/J hudhurika meno upesi, 129P3/J huvumilia, na tofauti hiyo ya kurithi huenda ikakupa fununu ya kwa nini ndugu wawili waliokunywa kisima kimoja hawafanani. Kama watakupa C57BL/6, ambao ndio wamejaa kila maabara, kumbuka kuwa majike wake hupoteza mfupa wa vitundu ndani ya paja mapema mno. Ukisubiri hadi miezi minane utakuta uboho mtupu, kwa hiyo tazama pia pingili za mgongo.

Na kwa vile vichwa vya paja, waambie mapema wauguzi wa chumba cha upasuaji wasivitumbukize katika formalini yoyote iliyo karibu. Formalini isiyo na bafa, yaani kemikali ya kushikilia pH, huwa tindikali ikikaa, na tindikali hula madini ambayo ndiyo umeyafuata. Peleka ndoo zako mwenyewe zenye formalini ya bafa, kata kichwa vipande vya milimita tano hivi siku hiyo hiyo ili dawa ipenye hadi katikati, na baada ya siku mbili hamishia vyote katika alkoholi ya asilimia 70. Humo vinaweza kukungoja hata kama mikrotomu itachukua mwaka kuagizwa. Kipande kimoja cha kila mgonjwa kiache kikavu, bila formalini wala alkoholi, kigandishwe, ndicho utakachopima floraidi.

BintiArumeru aliandika:

Nimeelewa. Daktari, nitakuandikia ujumbe wa faragha kuhusu fomu ya ridhaa, kwa sababu nataka maombi ya kamati ya maadili yaanze kabla sijasafiri. Mkemia, nawe ukiwa tayari, ningependa kujua ni njia gani ya kuyeyusha mfupa mkavu isiyopoteza floraidi kabla ya kuipima kwa elektrodi.

Mkemia_Nairobi alijibu:

Tindikali ya pakloriki baridi, chombo cha plastiki chenye kifuniko, kamwe si cha kioo, kisha bafa ya kurekebisha pH kabla ya kutumbukiza elektrodi. Usichemshe, kwa sababu floraidi katika tindikali ya moto hutoroka kama mvuke, tena mvuke wenye sumu. Nitumie uzito wa vipande unavyotarajia, nikupangie kiasi cha tindikali.